Mambo ya kuzingatia kabla hujahamisha dunia ya gemu kwenda kifaa kingine

Simu mpya imefika, au laptopu ya zamani imepata mnunuzi, na ndani yake kuna dunia uliyoijenga kwa miaka. Subiri kidogo. Usifute kitu, usiondoe gemu, usirudishe kifaa katika hali ya kiwandani mpaka umalize kusoma. Mifano yangu mingi ni ya Minecraft, gemu ya kujenga kwa bloku, kwa sababu ndiyo ninayoijua vizuri na ndiyo iliyoniumiza, ila mengi yanahusu gemu yoyote inayotunza dunia yake kwenye faili.

Anza kwa kufunga gemu. Toka kwenye dunia, kisha funga programu yenyewe, isibaki imejificha nyuma ya dirisha jingine. Dunia iliyo wazi huandikwa kila wakati, na ukiikopi katika hali hiyo utapata faili moja ya sasa hivi na nyingine ya dakika tano zilizopita.

Halafu hakikisha unakotoka na unakokwenda ni gemu ileile. Minecraft ziko mbili. Java inachezwa kwenye kompyuta za Windows, macOS na Linux. Bedrock iko kwenye simu, konsoli na Windows pia. Java hutunza ardhi kwenye faili za .mca, Bedrock hutunza kwenye hifadhidata ya LevelDB ndani ya folda ya db, kwa hiyo folda ya dunia ya Java ukiitupia kwenye simu, simu haitaitambua kabisa. Zipo zana za kugeuza, kama Chunker, na zinasaidia. Lakini mitambo ya redstone, ule umeme wa ndani ya gemu, ikague mmoja mmoja baada ya kugeuza. Kwenye Java, pistoni, yaani bloku inayosukuma nyingine, inaweza kuamshwa na umeme ambao ungeamsha kitu kilicho kwenye nafasi ya juu yake, hata kama hauifikii yenyewe. Bedrock haina tabia hiyo, na mlango wako wa siri uliokuwa ukifunguka vizuri utakaa kimya.

Angalia na toleo. Dunia hupanda toleo, haishuki. Toleo la 1.18, lililotoka Novemba 2021, lilisukuma sakafu ya dunia kutoka 0 mpaka -64 na kuinua dari kutoka 256 mpaka 320, na dunia ikishafunguliwa humo haina njia salama ya kurudi 1.17. Kwa hiyo kifaa kipya kiwe na toleo lilelile au la juu zaidi, na weka pembeni nakala moja ambayo hujaifungua kabisa kwenye toleo jipya. Kama dunia ina mods, yaani nyongeza zilizotengenezwa na watu wengine, weka mods zilezile kwanza. Ukiifungua bila hizo, bloku zilizotoka kwenye mods hutoweka, na gemu ikisevu ndiyo basi.

Kuhusu mahali faili zilipo: Java kwenye Windows huziweka kwenye folda ya saves ndani ya .minecraft, ambayo nayo iko ndani ya AppData iliyofichwa. Chukua folda nzima ya dunia. Kuna watu huchukua level.dat peke yake kwa kuwa wamesikia ndiyo "faili ya dunia". Hiyo ina mbegu (namba ambayo gemu huitumia kuotesha ardhi), jina na mipangilio, ardhi yenyewe haimo. Kwenye Bedrock folda za dunia zina majina ya herufi zisizosomeka, na jina ulilolipa dunia limeandikwa kwenye levelname.txt. Usihangaike nazo kama kitufe cha kusafirisha dunia kipo. Kitumie kikupe faili moja ya .mcworld, ambayo kwa kweli ni zipu iliyobadilishwa jina, kisha uifungulie kwenye kifaa kipya.

Gemu nyingine zina mitego yake. Terraria hutenganisha dunia na mhusika: .wld ni dunia, .plr ni wewe na mali yako, kwa hiyo ukibeba moja utafika bila nyingine. Valheim huandika dunia kwenye faili mbili, .db na .fwl, na zote mbili lazima zisafiri pamoja. Stardew Valley hutengeneza folda moja kwa kila shamba. Ibebe kama ilivyo, na SaveGameInfo iliyomo ndani, wala usibadilishe majina.

Wenye simu, sikilizeni hili. Kwenye Android folda ya programu huondoka pamoja na programu. Ukiondoa gemu ili uiweke upya, umeondoa na dunia. Na ile hifadhi ya Google inayojiendesha yenyewe ina kikomo cha MB 25 kwa kila programu, wakati dunia iliyochezwa mwaka mzima inaweza kuzidi hapo kwa mbali. Usiitegemee.

Wenye Nintendo Switch: sevu, yaani faili za mchezo uliohifadhiwa, zinakaa kwenye kumbukumbu ya konsoli yenyewe. Kadi ya microSD inabeba gemu, haibebi sevu. Kuhamisha kadi hakuhamishi chochote ulichojenga. Na ukitumia njia ya konsoli ya kuhamisha sevu kutoka Switch moja kwenda nyingine, ile ya kwanza inabaki bila kitu. Kwenye PS5, sevu za gemu za PS5 hazikubali kukopiwa kwenye USB, njia mojawapo ni wingu la PlayStation Plus. Za PS4 zinakubali. Kama unavuka kutoka konsoli ya kampuni moja kwenda ya nyingine kwa Minecraft, daraja lenyewe ni Realms, seva za kukodi za Minecraft yenyewe: unapandisha dunia upande huu, unaishusha upande wa pili. Inalipiwa, lakini mwezi mmoja unatosha kwa kazi hiyo.

Na tukishataja wingu: kwenye kifaa kipya usianzishe mchezo mpya "kujaribu tu" kabla sevu yako ya zamani haijafika. Dakika kumi za majaribio zinazaa sevu mpya yenye tarehe ya leo. Wingu likikuuliza libakize ipi, ya kwenye kifaa au ya mtandaoni, ile mpya ndiyo itaonekana ya karibuni zaidi, na mtu mwenye haraka huchagua ya karibuni. Angalia ukubwa pamoja na tarehe. Na kama huna uhakika, ghairi, swali litakungoja.

Sasa nije kwenye lililonifunza kwa machungu.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa na dunia moja ya Java. Nyumba yangu ilikuwa karibu na tulipoanzia. Yeye alikwenda mbali, akapata ziwa, akajenga bandari: gati la mbao, ghala mbili, mnara wa taa, zizi la farasi. Barabara ya mawe kutoka kwangu mpaka kwake tuliijenga pamoja, tukiweka taa kila baada ya hatua chache. Kompyuta ile ikapata mtu wa kuichukua, nami nikakopi folda ya dunia kwenye flashi. Katikati ya kazi likatokea dirisha: faili moja haisomeki. Vitufe vitatu, jaribu tena, ruka, ghairi. Nikajaribu tena mara mbili, ikagoma. Kazi ilikuwa imebaki kidogo, faili zilikuwa nyingi, nikaona moja haiwezi kuwa kitu. Nikabonyeza ruka.

Kwenye kompyuta mpya dunia ikafunguka bila lalamiko lolote. Nyumba yangu ipo, masanduku yamejaa, shamba la ngano liko palepale, paka amekaa kwenye ngazi. Nikaridhika. Jioni hiyohiyo nikafuta diski ya kompyuta ya zamani na kuikabidhi, na flashi nikaitumia kwa mambo mengine.

Siku ya tatu mdogo wangu akaingia kucheza. Baada ya muda akaniita: "Dada, umebomoa bandari yangu?" Alidhani nimefanya makusudi. Nikakaa pembeni yake tukaifuata barabara. Mawe, taa, mawe, taa, kisha barabara ikakatika kwa mstari ulionyooka kama uliokatwa kwa kisu. Bloku moja mawe, inayofuata nyasi. Mbele yake kulikuwa na ziwa lilelile na kilima kilekile, na ile miti tuliyoikata kwa shoka siku ya kwanza ilikuwa imesimama tena, mizima, kana kwamba hatujawahi kufika. Farasi wake alikuwepo. Alikuwa na tandiko mgongoni, amesimama kwenye nyasi tupu pale lilipokuwa zizi.

Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Java hugawa dunia katika miraba ya bloku 512 kwa 512, na kila mraba una faili yake kwenye folda ya region. Jina la faili ni anwani: chukua namba ya X na ya Z ya mahali, gawa kila moja kwa 512, shusha mpaka namba kamili iliyo chini. Bandari ilikuwa X 1200 na Z -300, hivyo faili yake ni r.2.-1.mca, na barabara ilikatika penye X 1024 kamili, mpaka wa mraba huo. Faili niliyoiruka ni hiyo. Wanyama, tangu toleo la 1.17, wanatunzwa kwenye folda nyingine inayoitwa entities, na ile ilifika salama. Ndiyo maana farasi alibaki bila zizi. Na gemu ikikuta mraba hauna faili haisemi kitu. Inachukua mbegu ya dunia na kuotesha ardhi upya, milima na mito ileile kama siku ya kwanza, kwa sababu kwake hapo ni mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupita.

Diski ilikuwa imekwisha kufutwa na kuandikwa juu. Ya bandari ile tumebaki na picha nne.

Kwa hiyo dunia kufunguka si ushahidi kwamba imefika. Fanya hivi. Kabla ya kuhamisha, kaa kwenye kifaa cha zamani na uandike kwenye karatasi namba za mahali pote palipojengwa, pa kwako na pa wenzako, hasa pa mbali. Kisha funga folda nzima kwenye zipu hukohuko inakotoka, usiburute faili elfu moja moja. Zipu inabeba namba ya ukaguzi kwa kila faili iliyomo, na programu kama 7-Zip ina amri ya kujaribu zipu bila kuifungua; ijaribu kabla ya safari, na ijaribu tena ikishafika. Kama zipu inazidi GB 4 na flashi yako ni ya FAT32, haitaingia. Badilisha mfumo wa flashi, au igawe zipu. Ukishafungua upande wa pili, linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda kwa baiti. Soma ukubwa halisi, achana na "ukubwa kwenye diski", maana huo hubadilika kutoka diski moja hadi nyingine hata kama hakuna kilichopotea. Na dirisha la faili isiyosomeka likitokea, bonyeza ghairi. Kisha tafuta nakala nyingine ya faili hiyo au njia ya kuiokoa wakati diski ya zamani ingali hai.

Jambo jingine, hasa kama dunia inakwenda kwenye seva: toa mali yote mwilini uiweke kwenye sanduku la kawaida. Mfuko wako unatunzwa kwa namba ya mchezaji, na seva isiyothibitisha akaunti inakupa namba nyingine, kwa hiyo utaingia mikono mitupu. Sanduku la ender halikusaidii hapa, kwani vilivyomo vinatunzwa na mchezaji, si na dunia.

Chaji kifaa mpaka kijae. Usihamishe huku mnunuzi amesimama mlangoni. Usitumie flashi unayoijua ina tabia ya kujitoa yenyewe. Usichomoe kabla kompyuta haijakuruhusu. Usifungue dunia kutoka kwenye zipu iliyo ndani ya flashi, itoe kwanza. Usiziite nakala zako "mpya" na "mpya2", ziandikie tarehe. Kifaa cha zamani kikae wiki mbili bila kuguswa kama kuna namna, na kama hakuna, zipu ile ikae mahali pawili tofauti.

Na kabla hujakikabidhi, waite wote waliojenga humo. Kila mmoja aingie kwenye kifaa kipya, ashike karatasi ya namba, atembee mwenyewe mpaka alipojenga, afungue milango na masanduku yake. Wewe utapita mbele ya gati lake ukaona gati. Yeye ndiye anayejua lilikuwa na nguzo ngapi.