Kuzunguka baa na wenzako wa mkutano mjini Mtwara

Chagueni jioni ambayo haifuatiwi na mada yenu asubuhi, kisha mkubaliane kuhusu baa tatu tu, kwa kuwa ya nne huwa ni ubishi. Anzieni Shangani upande wa bahari, mapema, kwani jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, na mkichelewa mtakuwa mmelipia mandhari msiyoyaona. Hapo agizeni pweza au mishikaki kabla ya bia ya pili. Korosho za kukaanga ni tamu, lakini hazimzuii mtu kulewa.

Jambo linaloharibu ziara nyingi ni bili. Kusanyeni mchango kabla ya kuondoka hotelini, mkabidhini mtu mmoja asiyekunywa, naye alipe kila kituo kabla hamjainuka. Wasiotumia pombe, ambao katika mji huu wenye Waislamu wengi hawatakosekana, wachangie kwa kiasi cha soda zao na wasishawishiwe.

Mikindani, yenye boma la Wajerumani la mwaka 1895, iko umbali wa kilomita 10 hivi. Iendeeni kwa gari lililokodiwa pamoja na dereva, kwenda na kurudi. Ndani ya mji bajaji zinatosha. Msimu wa mabibo mnaweza kukaribishwa uraka, yaani pombe ya mabibo. Gongo ikataeni, kwa kuwa ni haramu kisheria na huweza kuua. Vitambulisho vya mkutano viacheni chumbani.