Mwili wako si mali yako: namna ya kuutunza ukiwa mlokole hapa Arusha

Wapendwa, ule mstari wa 1 Wakorintho 6:19-20 tumeusikia mpaka tumeukariri, mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, ila ukifika kanisani unahubiriwa kwenye zinaa na pombe halafu basi, kweli Paulo pale alikuwa anaongelea zinaa lakini anamaliza kwa kusema wala ninyi si mali yenu wenyewe, na hiyo inagusa mpaka presha yako, usingizi wako na maji unayokunywa. Sasa tuongee vitu vya kufanya.

Anza na usingizi maana ni rahisi. Mkesha wa Ijumaa sawa, ila kama umetoka mkesha saa kumi na moja alfajiri usipande bodaboda ukaunganisha kazini halafu jioni una zoezi la kwaya. Panga kabisa, ukikesha Ijumaa Jumamosi mchana unalala, zima simu, waambie nyumbani. Soma 1 Wafalme 19, Eliya amechoka mpaka anaomba kufa, na malaika hakumpa semina, alimwambia inuka ule, akakuta mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale kwanza ndio safari iendelee.

Kufunga ndo kwenye shughuli. Kama wewe ni mzima, siku mbili kabla punguza chai na kahawa taratibu maana yale maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza mara nyingi si vita vya kiroho ni mwili unadai kahawa yake. Kunywa maji, labda kama umeamua kufunga kavu, na hiyo kavu usiivute siku nyingi jamani. Jioni ukifungulia usianze na chipsi mayai, anza na uji au mtori kidogo, subiri, ndio ule chakula. Ila kama una kisukari na unachoma insulini au unameza vidonge, una vidonda vya tumbo, una mimba, unanyonyesha, au uko kwenye ARV (dawa za VVU) zinazotaka umeze na chakula, usifunge mpaka umeongea na daktari wako, na hapo simaanishi mama mchungaji. Mwenye kisukari akianza kutetemeka, jasho linamtoka, anaongea vitu havieleweki, sukari imeshuka hiyo, kama bado anaweza kumeza mpe soda ya kawaida au maji ya sukari hapohapo, mfungo umeisha, na kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na kufunga si chakula tu, funga soda, funga nyama, funga simu usiku, Mungu anapokea.

Halafu dawa na maombi. Sisi wa huku hatuna haja ya kuhadithiwa, 2011 tuliona magari yamepanga foleni kwenda Samunge Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, yule mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Kwa hiyo kanuni ni hii, ukiombewa na ukaamini umepona nenda kapime, vipimo vikisema umepona daktari mwenyewe ndio atakuondoa kwenye dawa, usijiondoe. Mtu akikwambia kumeza dawa ni kukosa imani mfungulie Isaya 38, Hezekia aliomba, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na tini, vyote.

Maji sasa, hili wengi hawalijui kabisa. Maji ya sehemu nyingi huku kwetu kuzunguka Mlima Meru yana floraidi (aina ya madini) kupita kiasi, ndo maana yale meno ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka inakula mpaka mifupa, miguu ya watoto inapinda. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha kunaua vijidudu ila floraidi haitoki, tena maji yakipungua sufuriani ndo inakolea zaidi. Kama una watoto wadogo tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwa kunywa na kupikia, au chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimeifanyia kazi miaka mingi. Na magadi kwenye makande punguza, nayo yanabeba floraidi.

Chakula chenyewe sitakaa sana, loshoro (mahindi na maziwa mgando) na ndizi zetu hazina shida, shida ni ndafu ya send-off Ijumaa, ya harusi Jumamosi, ya kipaimara Jumapili na soda juu, chupa moja ina sukari kama vijiko 8 au 9 vya chai. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Na tembea, dakika 150 kwa wiki, kutoka Sanawari mpaka Mnara wa Saa si lazima upande kifodi (daladala).

Mabinti na akina mama (na akina kaka, mnajijua) krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, hazifai, zebaki inaharibu figo, na huwezi kumsifu Mungu kwa kukuumba kwa ajabu huku unaibandua kazi yake.

Kama una mwaka hujapima, kesho nenda kabla hujanywa chai. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi usihangaike siku hiyohiyo, rudia siku nyingine umetulia, ikikaa hapohapo muone daktari, ila ikigonga 180 kwa 120 na kifua kinabana au mkono umekufa ganzi hiyo ni dharura, usirudi nyumbani. Sukari ya asubuhi kabla hujala ikiwa 7 (mmol/L) kuendelea warudie kipimo. Ukiwa kiongozi wa jumuiya omba muuguzi mmoja wa usharika aje na mashine kabla ya neno, mpimane wote, ila majibu kila mtu aambiwe pembeni, isije ikawa maombi ya wiki ijayo yana majina.