Somo: Namna ya kuitambua karabini, ya kweli na ya kuchezea

Ukiwaonyesha watu picha ya bunduki fupi, tisa kati ya kumi watakwambia "karabini". Ufupi peke yake hautoshi. Karabini ni fupi kuliko ndugu yake fulani, yaani bunduki ndefu kamili, na kama humjui huyo ndugu, unabahatisha.

Hatua ya 1: Uliza aliyeibeba ni nani. Jina lilianza kwa askari wa farasi wa Ulaya. Bunduki ndefu juu ya farasi ni balaa. Farasi walipoondoka, wakaja madereva, wapiga mizinga na askari wa miavuli, wote wana kazi nyingine mikononi.

Hatua ya 2: Pima, usisome jina. Karabiner 98k ya Wajerumani, ya mwaka 1935, ina sm 111. Hiyo ni sawa na M1 Garand, bunduki kamili ya Wamarekani! Ilistahili jina kwa sababu mama yake, Gewehr 98, alikuwa na sm 125.

Hatua ya 3: Ilikatwa, au ilizaliwa fupi? Hapa ndipo wengi wanateleza. Lee-Enfield No. 5 ya 1944 ilikatwa kwa ajili ya vita vya msituni. Utaijua kwa kitu kama faneli mdomoni mwa mtutu, cha kuficha mwali. Risasi ilibaki ileile ya .303, bunduki ikawa nyepesi, kwa hiyo bega ndilo lililolipa.

M1 Carbine ya 1941 ilizaliwa fupi: sm 90, kilo 2.4 hivi, na risasi yake ndogo isiyoingia kwenye Garand, ingawa zote zinaitwa M1. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 6, nyingine na IBM, nyingine na Rock-Ola, wale wa masanduku ya muziki ya baa. Itazame karibu na kifyatulio. Za mwanzo zina vitufe viwili jirani, kimoja cha usalama na kingine cha kuachia magazini, yaani kisanduku cha risasi. Askari aliyetaharuki alibonyeza kisicho chake, magazini ikaanguka miguuni. Kitufe cha usalama kikabadilishwa kuwa kijiti cha kuzungusha. Ukiona kijiti, basi hiyo ni ya baadaye au imefanyiwa marekebisho.

Hatua ya 4: Za sasa. M4 ya Wamarekani, ya 1994, ina mtutu wa sm 37; ndugu yake mrefu, M16, ina sm 51. Kitako cha M4 kinavutwa na kurudishwa. Risasi inatoka na kasi ndogo kidogo, mlio na mwali vinaongezeka.

Hatua ya 5: Za kuchezea. Mchezo wa easofti, wa kupigana kwa kuigiza kwa bunduki za kuchezea, ulikulia Japani, ambako raia kumiliki bunduki ni shida. Zinarusha vipira vya plastiki vya mm 6, mara nyingi vya gramu 0.2. Japani nguvu yake isizidi jouli (kipimo cha nishati) 0.98. Hapa Uingereza ninapochezea Jumapili, mwisho ni jouli 1.3 kwa inayomimina mfululizo na 2.5 kwa ya kimoja kimoja. M1 yangu ya kuchezea inakaa ndani ya begi tangu mlangoni hadi uwanjani. Polisi hawezi kujua kwa mbali kwamba ni plastiki, na kutembea nayo barabarani bila sababu ni kosa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, askari wa Wajerumani pale Tanga 1914 walikuwa na karabini?*
Wengi walikuwa na Jägerbüchse 71, iliyofupishwa kidogo tu. Karabini ya familia ile ilikuwa nyingine, fupi zaidi. Baruti ya kizamani ya Jägerbüchse ilitoa moshi mzito ulioonyesha mpigaji alipo. Baada ya vita ile askari hao wakaokota mamia ya bunduki za Waingereza.

*Kaka, marehemu babu kaacha kifupi fulani darini, kinajazwa kwa mdomoni. Ni karabini?*
Hilo ni gobore, ndugu yangu. Usilijaribu, huenda baruti bado imo. Liache hapo hapo, kawaambie polisi waje kulichukua.

*Nikiagiza ya easofti nije nayo Nairobi?*
Waulize polisi na forodha kabla hujalipa. Na usiiweke kwenye begi la mkononi la ndege.

*Ncha ya rangi ya chungwa kwenye mtutu wa easofti naweza kuing'oa?*
Huko Marekani ncha hiyo ndiyo inayoitambulisha bunduki kuwa ya kuchezea. Iache.