Namna ya Kunufaika na Kituo cha Teknolojia: Mwongozo kwa Mbunifu Anayeanza Uganda

Kijana anayetunga programu za simu mjini Busia, mchora vibonzo wa Arua na mpiga video anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale huambiwa neno lile lile: ukitaka kazi yako ijulikane, nenda Kampala kwenye vituo vya teknolojia, yaani kumbi ambamo wabunifu hulipia kiti, hufanya kazi pamoja na kukutana. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini umeishia njiani. Wapo wanaokwenda, wakalipia kiti cha mwezi mzima, wakafaidi intaneti ya kasi, kisha wakarudi walikotoka bila mteja wala mshirika, kwa sababu walidhani kituo chenyewe ndicho kingewapa kazi. Kinachompa mbunifu kazi ni watu wanaoielewa kazi yake kiasi cha kuweza kuitaja katika kikao ambacho yeye hakualikwa. Kituo ni mahali pa kuwapata watu hao kwa urahisi zaidi, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuwapata na kuwatunza.

Kuchagua kituo

Vituo vya Kampala havifanani, na jina kubwa si kigezo cha kutosha. Hive Colab, kilichofunguliwa mwaka 2010, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuwapa watunzi wa programu mahali pa kufanyia kazi pamoja. Outbox kikafuata mwaka 2012. The Innovation Village cha Ntinda kimejikita zaidi kwa kampuni changa zinazotafuta mitaji na washirika wa kibiashara, na Serikali nayo ina kituo chake cha ubunifu wa TEHAMA huko Nakawa. Chuo Kikuu cha Makerere kina mtandao wa watafiti uitwao ResilientAfrica, unaofaa zaidi kwa mtu ambaye kazi yake imekaa kiutafiti. Msanii wa kuchora, kuchonga au kupiga picha atajisikia nyumbani zaidi Kabalagala, kwenye shirika la sanaa la 32° East lililoanza mwaka 2011, kuliko katika ukumbi ambamo kila anayesimama anazungumzia wawekezaji.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, kitembelee kituo siku ya kazi ya kawaida, kisha ukitembelee tena siku ya mkutano wa jioni. Siku ya kazi itakuonyesha nani hukaa pale na hufanya nini. Jioni ya mkutano itakuonyesha wageni wanaovutwa na mahali hapo. Muulize mhudumu wa mapokezi umeme ukikatika jenereta huwashwa baada ya muda gani, na kama ada inahusisha matumizi ya chumba cha mikutano. Kisha mwulize mtu aliyeketi akifanya kazi, si mhudumu, swali moja tu: tangu ajiunge, ni kazi gani aliyoipata kupitia mtu aliyekutana naye humo? Jibu lake lina uzito kuliko kipeperushi chochote. Iwapo uwezo wako ni mdogo, usione aibu kuhudhuria mikutano ya bure pekee kwa miezi ya mwanzo, kwa kuwa mingi ya mikutano hiyo haimtaki mtu awe mwanachama, na ndiko watu wapya hukutana.

Nenda na kazi ya kuonyesha

Hili ndilo jambo ambalo ningemsihi kila anayeanza alishike kuliko mengine yote. Mtu anayeingia ukumbini na wazo peke yake humlazimisha msikilizaji aamini. Mwenye kazi mkononi, hata kama haijakamilika, humpa msikilizaji kitu cha kutazama, kukosoa na kukumbuka. Iwe ni programu yenye kurasa mbili zinazofanya kazi, video ya dakika moja, au michoro sita uliyoichagua kwa makini, iweke ndani ya simu yako kwa namna isiyohitaji intaneti, maana mtandao wa ukumbi hulemewa pale pale watu wanapojaa. Video ndefu ikate. Programu ambayo humtaka mtumiaji ajisajili kwanza, iandalie njia ya mkato ili mgeni aione bila kuandika nenosiri.

Andaa pia sentensi mbili za kuieleza, na uzijaribu kwa mtu wa nyumbani asiyejua teknolojia. Linganisha maelezo haya. Mmoja anasema: "Mimi ni mbunifu wa suluhisho za kidijitali kwa sekta ya kilimo." Mwingine anasema: "Nimetunga programu inayowatumia wauza mahindi wa Busia bei ya siku kwa ujumbe mfupi, kwa Kiswahili na Kisamia, hata kama simu yao ni ya vibonyezo." Wa kwanza ametaja sekta ambayo watu elfu wanaitaja. Wa pili amekupa picha kamili, na kesho yake ukikutana na ofisa wa ushirika wa wakulima utamkumbuka mtunzi huyo bila kujitahidi.

Kazi yenye tatizo halisi ndani yake pia huwavuta watu wa fani nyingine. Brian Gitta na wenzake wa Makerere walitengeneza Matibabu, kifaa kinachobanwa kwenye kidole na kutumia mwanga kutafuta dalili za malaria bila kutoa damu, na mwaka 2018 Gitta akawa Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Kifaa cha namna hiyo hakiwezi kukamilishwa na mtunzi wa programu peke yake. Kinadai ujuzi wa vifaa vya umeme, wa tiba na wa majaribio ya hospitali. Kwa hiyo unapoingia katika ukumbi, watafute wasiojua unachokijua. Watunzi wa programu wakikaa meza moja jioni nzima watafurahi, ila wataondoka na ujuzi ule ule walioingia nao.

Kuzungumza na watu, na yanayofuata

Salamu kwanza, haja baadaye. Uganda hii, anayekurupuka na ombi kabla ya kumjulia mwenzake hali huonekana hana malezi, hata kama ukumbi umejaa kompyuta. Msalimu mtu, mwulize anashughulika na nini, na umsikilize mpaka amalize. Watu watatu uliozungumza nao kwa kina wana faida kuliko namba thelathini ambazo baada ya wiki huwezi kukumbuka ni za nani. Mkiachana, jitenge kidogo, uandike kwenye simu jina lake, anachokifanya na anachokihitaji.

Kazi yenyewe huanza kesho yake. Tuseme jana ulizungumza na mwanamke anayetengeneza video za elimu ya afya. Ujumbe wa kumtumia uwe na sura ya namna hii:

"Habari za asubuhi, dada. Tulizungumza jana jioni Ntinda baada ya mkutano wa wasanifu. Ulisema unatafuta sauti ya Kiswahili kwa ajili ya video za chanjo. Nimekuwekea hapa sekunde 40 za sauti yangu uzisikilize kwa nafasi yako. Yule mhariri wa video niliyekutajia nimeongea naye, na yuko radhi nikupe namba yake ukiihitaji. Siku njema."

Tazama yaliyofanyika. Mwandishi amemkumbusha mahali walipokutana, amelileta lile alilosikia likihitajika, na amemsaidia kwa jambo la pili ambalo halimnufaishi yeye mwenyewe. Pia hakuitoa namba ya mtu bila idhini yake, na hakuomba kazi, ingawa kila mstari unaonyesha kwamba anaiweza. Dada huyo asipojibu, mwache, kisha baada ya wiki chache mtumie kazi mpya uliyoimaliza, bila lawama wala kumkumbusha kwamba hakujibu.

Hapa Kiswahili ni mtaji, na wengi wetu tulionacho tunakibeba kama mzigo wa kuficha. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, hivyo masomo ya video, michezo ya kompyuta, vitabu vya sauti na programu za kujifunzia vinahitaji watu wanaokiandika vizuri. Ukumbini, sema wazi kwamba unafanya kazi kwa Kiswahili. Kampuni ya Kampala inayotaka kuuza huduma zake Goma, Mombasa au Mwanza itakutafuta.

Makubaliano kabla ya urafiki kukolea

Washirika wengi huanza kwa kuaminiana na kumalizia kwa kununiana, kwa sababu fedha ziliingia kabla ya maneno kuandikwa. Mkishaamua kufanya kazi pamoja, andikeni ukurasa mmoja: nani anafanya nini, mapato yatagawanywa vipi, kazi itakuwa mali ya nani, na mmoja akijitoa itakuwaje. Tieni saini mbele ya shahidi.

Suala la umiliki lina kona ambayo wasanii wachache huiona mapema. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 humlinda mtunzi tangu pale kazi inapokuwa katika umbo linaloonekana au kusikika, bila kulazimika kuisajili. Wazo tupu haililindi. Lakini kazi ukiifanya kwa kuagizwa na mtu au ukiwa mwajiriwa wake, hakimiliki huenda kwa aliyekuagiza au mwajiri wako, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Maana yake ni kwamba nembo uliyoichora au wimbo wa tangazo ulioutunga kwa malipo unaweza kuwa si wako tena siku unayotaka kuutumia kwingine. Ukitaka kubaki na haki fulani, hata ile ndogo ya kuionyesha kazi hiyo kwa wateja wengine, idai ndani ya mkataba kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Usajili wa hakimiliki katika Idara ya Usajili ya Uganda, URSB, ni wa hiari, ila hukupa ushahidi wa kuuweka mezani panapotokea ubishi. Programu yako ikikusanya majina, namba za simu au taarifa za afya za watu, isome pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, maana inakutaka ujisajili na uombe ridhaa ya wenye taarifa.

Upande wa kodi, pata namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, na usajili jina la biashara mapema. Mashirika makubwa hayamlipi mtu asiye navyo. Usishangae mteja wa aina hiyo akikata asilimia 6 ya malipo yanayozidi shilingi milioni moja na kuiwasilisha URA kwa jina lako: mdai hati ya makato hayo, kwani utayahesabu mwisho wa mwaka.

Mtandao wako usikae mahali pamoja

Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini na intaneti nzima ikakatwa kwa siku kadhaa. Waliokuwa wakiwafikia wateja kwa ukurasa mmoja tu walijikuta hawana hata namba ya kupiga. Julai mwaka huo huo bando za intaneti zikawekewa ushuru wa asilimia 12. Kwa sababu hizo, majina, namba za simu na barua pepe za watu wako yaandike katika daftari au faili lililo kwako, na kazi zako kubwa ziwe na nakala nje ya akaunti ya mtandaoni.

Aliye mbali na Kampala asisubiri nauli. Masakhane huwakutanisha mtandaoni watafiti wa teknolojia ya lugha za Afrika, na mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za wasomaji wa Kiswahili na Kiganda kutoka popote, ili kompyuta zifunzwe kuzielewa lugha hizo. Kwa wachora ramani, jumuiya ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ilifanya mkutano wake wa Afrika Kampala mwaka 2017, na anayeanza anaweza kuingia kwa kuchora barabara za mtaa wake mwenyewe. Michango hiyo hailipwi, lakini hubaki na jina lako, na anayetaka kuupima ujuzi wako anaweza kuiona.

Na panapokosekana kituo, watu wanne wanatosha. Ombeni darasa la shule siku ya Jumamosi au chumba cha maktaba, mkubaliane kwamba kila anayekuja analeta kazi moja ambayo haijakamilika, na kila mmoja apewe dakika kumi za kuionyesha na dakika kumi za kukosolewa. Mwandike mahudhurio na mliyokubaliana. Mikutano ikishazoeleka, chukueni daftari hilo, mwandikieni barua mkurugenzi wa kituo kimojawapo cha Kampala, na mumwombe awatumie mkufunzi wa siku moja katika fani mliyokwama, mkimtajia tarehe, mahali na idadi ya watakaohudhuria.