Namna ya kuichambua 720,720 kwa kalamu na karatasi

Weka kikokotoo pembeni. Nikiiandika namba hii ubaoni, nusu ya wanafunzi wangu wa twisheni huanza kugawa kwa 2, tena kwa 2, tena kwa 2. Watafika, lakini wamejichosha bure. Itazame kwanza: ni 720 iliyoandikwa mara mbili. Namba yoyote ya tarakimu tatu ikirudiwa hivyo imezidishwa kwa 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Lishike hilo, litakufaa hata ukikutana na 358,358. Imebaki 720 peke yake, nayo ni 16 × 9 × 5. Basi:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Uandike mstari huu kwa herufi kubwa, maana mengine yote yanatoka humo.

Idadi ya vigawo, yaani namba zinazoigawa bila baki? Usiviorodheshe, utakesha. Chukua vipeo, yaani zile namba ndogo za juu (isiyo nayo ina 1): 4, 2, 1, 1, 1, 1, kila kimoja ukiongeze 1, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Hiyo 1 inatoka wapi? Unapounda kigawo, ile 2 unaweza kuichukua mara nne, tatu, mbili, moja, au kuiacha kabisa. Hizo ni njia tano, na ya kuiacha ndiyo wengi huisahau. Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo 240. Ramanujan wa India aliandika kwa kirefu mwaka 1915 kuhusu namba za aina hii, zinazozipita zote zilizo chini yao kwa wingi wa vigawo.

Je, ina kipeuo cha pili kilicho namba nzima? Haina, kwani 5, 7, 11 na 13 zina vipeo witiri. Izidishe kwa 5,005 uone: unapata 60,060 × 60,060.

Jumla ya vigawo: 1+2+4+8+16 ni 31, 1+3+9 ni 13, zilizobaki, 1+5, 1+7, 1+11 na 1+13, ni 6, 8, 12 na 14. Zidisha zote, 3,249,792. Toa namba yenyewe, inabaki 2,529,072. Namba 6 huitwa kamilifu kwa kuwa 1+2+3 inarudi kuwa 6. Hii yetu imefurika, mara tatu na nusu ya ukubwa wake.

Kuhusu KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja bila baki): ya 1 hadi 16 ni hii hii 720,720. Kagua vipeo, hutakosa kitu.

Sasa ongeza 1. 720,721 ikigawanywa kwa 2, 3, 4 hadi 16 inabakiza 1 kila mara, na hapo darasa zima hupiga kelele, "Tasa!", yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mimi huwaambia waendelee: 17, 19, 23, 29… Miguno huanza kwenye 40 na kitu. Wakivumilia hadi 71, inagawanyika: 71 × 10,151.