Zuia sumukuvu kabla mahindi hayajafika jikoni

Nalima mahindi na karanga Kongwa, mkoani Dodoma, na kila msimu nawaambia majirani zangu: sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu (ukungu) wa nafaka, haitoki kwa kupikwa. Chemsha makande hadi yalainike, songa ugali uive, sumu iko palepale. Mwaka 2016 iliua watu 20 huku kwetu Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yao wenyewe.

Kuvu inayoitoa, Aspergillus flavus, huishi udongoni. Hushika zaidi mahindi yaliyopigwa na ukame, kisha huendelea kuzaliana yakihifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo ukivuna usiyamwage chini. Anika juu ya turubai au kichanja. Usiyapige kwa fimbo, maana punje zikipasuka ndipo kuvu inapoingilia. Tafuta mashine ya kupukuchulia, hata ya mkono.

Yamekauka? Usiamini kuyang'ata kwa meno. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi robo chupa na kijiko kimoja au viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika mbili, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15. Mimi huongeza jua hata hapo, kwa kuwa ghala linataka 13.5.

Kisha kaa na ungo, uchambue. Toa punje iliyopasuka, iliyosinyaa, yenye tundu la mdudu dumuzi, yenye ukungu wa kijani. Sumu nyingi hukaa kwenye punje chache, ndiyo maana kazi hii ya kuchosha inalipa sana. Ila punje safi kwa macho nayo yaweza kuwa na sumu. Kipimo cha maabara ndicho kinachothibitisha.

Zile mbovu, tafadhali, usiwape kuku wala kuzipikia pombe. Ng'ombe akila, sumu hutokea kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Sumu hii yenyewe iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, waliolishwa mashudu ya karanga. Chimba shimo, fukia punje hizo mbovu.

Mahindi mazima weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta.

Na kuna kuvu ya kutusaidia. Aflasafe ni punje za mtama zilizopakwa kuvu ya jamii ileile, ila isiyotoa sumu. Ikitangulia shambani, ile mbaya inakosa nafasi. Rusha kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, udongo ukiwa na unyevu. Kama mvua imekata, subiri inyeshe, kwa sababu kwenye vumbi kavu kuvu haioti.