"Ee", "Ah" na "Naam": ndiyo ya Kiarabu inayomfunga Mswahili

Mswahili akisikiliza hanyamazi. Ukimweleza jambo refu anakuitikia: eeh, naam, eeh, mm. Hajakubali kitu. Anakuonyesha tu kwamba masikio yake yako kwako, kwa sababu kwetu kumkodolea macho mtu anayesema bila kumwitikia ni kiburi. Adabu hiyo hiyo ukiingia nayo kazini Riyadh, Doha, Kuwait, Baghdad au Beirut, inakufunga. Huko "ee" ni ndiyo kamili, ndiyo ya mtu aliyekubali na kumaliza.

Tazama inavyokwenda. Madamu anamwambia kadama wake, yaani mtumishi wake wa ndani: kuanzia wiki hii utasafisha na nyumba ya dada yangu. Eeh. Mshahara wa mwezi huu tutaushika mpaka mwisho wa mkataba. Eeh. Simu nitakaa nayo mimi. Eeh. Dada wa watu anasikiliza kwa heshima, anasubiri zamu yake ya kusema. Zamu haiji. Mazungumzo yamekwisha, na kwa mwenye nyumba mambo yote matatu yamepita. Siku ya malalamiko utasikia neno moja tu: "wafagat", alikubali. Na atakayelisema atakuwa tayari kuapa, kwa kuwa kwa masikio yake ndivyo alivyosikia.

Dawa yake ni ngumu kwa sababu inagusa malezi. Ukisemeshwa Kiarabu usichokielewa vizuri, usiitikie. Wala usitikise kichwa, maana kichwa nacho ni ndiyo. Mwache msemaji amalize, kisha sema "ma fihimt", sijaelewa. Ukitaka arudie, mwanamume mwambie "id marra thanya", mwanamke "idi marra thanya". Maneno yakikimbia, inua kiganja useme "lahdha", ngoja kidogo. Na kama mdomo hauwezi kutulia, sema "asma'ak" kwa mwanamume au "asma'ik" kwa mwanamke, yaani nakusikia. Kwenye simu ni hatari zaidi, kwa kuwa uso wako hauonekani na kila "eeh" inahesabiwa.

Tena kuna kile Kiarabu kilichovunjika ambacho wenyeji wa Ghuba huwasemesha wageni wa kazi, na ambacho wengi wetu ndicho tunachojifunza kwanza. Humo swali "ma'lum?" au "fi ma'lum?" maana yake ni umeelewa, unajua? Ukijibu "ma'lum" umebeba dhamana ya kila kilichosemwa. Kama hukuelewa jibu ni "mafi ma'lum". Usione aibu kulisema mara kumi. Kwa maoni yangu Kiarabu hicho kinamdhulumu mfanyakazi: kinamfundisha kutii, hakimfundishi kudai. Jifunze sentensi nzima mapema uwezavyo.

Sasa geuza upande wa pili. Tukikataa jambo haraka haraka tunasema "a-a". Misri, Palestina na Jordan, "ah" ndiyo ndiyo yenyewe ya kila siku, pamoja na "aiwa". Ile "a-a" yetu ina kikato katikati, lakini ukiwa na hofu au ukiisema kwa pumzi moja kikato kinapotea, na anayesikiliza anapata "aah". Umekataa kwa Kiswahili, umekubali kwa Kiarabu. Kwa hiyo ukikataa, tumia "la", ufunge kwa nguvu mwishoni kama Wamisri wanavyosema "la'". Usitumie "a-a", usitumie "mm-mm", usitumie sauti yoyote ya nyumbani.

Mtego wa tatu ndio unaokula mishahara, nao unakaa kwenye swali la kukanusha. Kwetu ukiulizwa "Hujalipwa?" unajibu "Ndiyo", yaani ni kweli, sijalipwa. Ofisa wa kazi akikuuliza kwa Kiarabu "ma istalamti ar-ratib?", hukupokea mshahara?, nawe ukasema "aiwa", maelezo yako yanasimama kwenye uzi mwembamba. Mmoja atasikia "ndiyo, sikupokea", mwingine atasikia "ndiyo, nimepokea", na atakayeandika ni yule mwenye kalamu.

Aliyesoma tafsiri analijua jambo hili kutoka aya ya 172 ya Suratul Aaraf: "Alastu birabbikum? Qalu bala", yaani "Je, mimi si Mola wenu? Wakasema: Kwani! Wewe ndiye." Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba lau wangejibu "naam" wangekufuru, kwa sababu "naam" baada ya swali la kukanusha inathibitisha ule ukanusho, na "bala" ndiyo inayouvunja. Mitaani "bala" hutaisikia sana. Saudia wanasema "illa", Lebanon na Syria wanasema "mbala". Ukiambiwa "hukula?" na wewe umekula, hayo ndiyo majibu. Lakini kwenye jambo la pesa, siku za kazi au polisi usijitie katika ufundi huo. Jibu kwa sentensi nzima, ndiyo na hapana ziache kabisa. "Ma istalamt ar-ratib": sikupokea mshahara. "Istalamt shahren bas": nimepokea miezi miwili tu. "Ma dafa'u li": hawakunilipa. Sentensi nzima haina tafsiri mbili, na hata mtafsiri mzembe ataibeba ilivyo.

Kisha inakuja karatasi. Ukikaribia kuondoka, au ukiwa umegombana na kafili, mwajiri aliyekudhamini, na mnasuluhishwa, unaletewa ukurasa mmoja. Juu jina lako na namba ya iqama (kibali chako cha ukaazi), katikati sentensi kwamba umepokea haki zako zote na huna dai lolote, chini nafasi ya saini na ya dole gumba. Hiyo inaitwa mukhalasa. Mtu anakuuliza kwa upole kabisa, "muwafiga?", umekubali? Mwanamume anaulizwa "muwafig?" Uchovu, hamu ya kufika nyumbani na tiketi iliyowekwa mezani vinakusukuma useme "ee, tayyib", ndiyo, sawa. Ukishatia dole, kudai miezi iliyobaki kunakuwa kazi ya kupanda mlima, kwani karatasi yako mwenyewe inakukanusha.

Jifunze kuyatambua maneno matatu kwa macho, kwa sababu kusoma herufi za Kiarabu wengi tunajua: مخالصة, mukhalasa, kumaliza hesabu, تنازل, tanazul, kuachilia dai au malalamiko, إقرار, iqrar, kukiri. Ukiliona mojawapo juu ya ukurasa, weka kalamu chini. Sema "ma awaggi' gabl ma afham", sisaini kabla sijaelewa. Mbele ya ofisa sema kwa Kiarabu sanifu "atlub mutarjim", naomba mtafsiri. Pesa kwanza, saini baadaye, hata wakikuambia muda wa ndege umefika. Kama umebanwa na huna budi, andika kando ya saini, kwa mkono wako, kiasi ulichopokea na tarehe, piga picha, kisha omba "nuskha", nakala. Na dole gumba lisikuondokee kirahisi eti kwa kuwa ni wino tu. Wino ule ndio "ndiyo" kubwa kuliko zote.

Maneno ya kawaida ya kukubali hayana shida ukishajua uko wapi. Misri: aiwa, ah, mashi, hadhir, tamam. Sudan: aiwa, ay, tamam. Sham, yaani Syria, Lebanon na jirani zao: ee, tikram, ala rasi. Saudia na Ghuba: ee, zen, tayyib, abshir, na "abshiri" ukimwambia mwanamke. Imarati utasikia "heh", nayo ni ndiyo, wala hawakucheki. Moroko: iyyeh, wakha. Tunisia na Libya: bahi. "Naam" inafaa kila mahali ukiitwa jina, ila sauti iwe bapa, ukiivuta na kuipandisha, "na'aaam?", kwa Mmisri umemwambia "unasemaje wewe?", na ugomvi umeanza.

Mawili nayatilia mkazo. "Sawa" yetu ina damu ya Kiarabu, lakini leo huko "sawa" ni pamoja. Ghuba nako "sawwa" ni alifanya, na "sawwi" ni amri ya kumwambia mtu afanye. Ukiulizwa nani kavunja pasi nawe ukatuliza mambo kwa "sawa, sawa", usishangae wakidhani umejitaja. Tumia "zen" au "tayyib". La pili ni "mashi". Ukilichukua Kairo au Amman ni sawa kabisa. Ukifika nalo Oman au Yemen, "mashi" ni hakuna. Moroko ni kikanusho pia: "mashi mushkil", si tatizo. Aliyehama kutoka Misri kwenda Muscat akiendelea kusema "mashi" kwa kila anachoulizwa anaonekana mtu wa kukataa kila kitu. Muscat angalau una bahati: wapo Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar, na swali moja la Kiswahili linaweza kukuokoa.

"Inshallah" inahitaji macho mawili. Ikitoka kwako kwenda kwa bosi wa Ghuba, ni utiifu: kaagiza maji, umesema "inshallah", anahesabu kwamba unayaleta sasa hivi. Usiitumie kwa maana ya "labda". Ikitoka kwake kuja kwako juu ya mshahara, pima. Ikifuatana na siku na kiasi, ni ahadi. Ikifuatana na "bukra" (kesho), "nshuf" (tutaona) au "yisir kher" (itakuwa heri), umeambiwa hapana kwa heshima. Hawa ni watu wanaoona haya kumnyima mtu usoni, na katika ukarimu wa kumlisha mgeni sijaona wa kuwazidi. Lakini haya hiyo inamgharimu aliye chini, anayesubiri miezi kwa neno tamu wakati "hapana" ya wazi ingemwondoa mapema akatafute haki yake. Uliza hapo hapo: "ay yom?", siku gani? "Kam?", kiasi gani? Kisha mwandikie ujumbe kwenye simu wa kurudia siku na kiasi alichotaja. Akijibu "tamm", sawa, au "ee", hiyo sasa ni ndiyo yake yeye, na imeandikwa.

Kwenu mama, shangazi na wajomba mlioko nyumbani: msimwambie mtoto "wewe umehitimu msahafu, Kiarabu unakijua, utawasaidia na wenzako." Chuo cha Kurani kilimpa herufi, na herufi zitamfaa kuisoma hiyo mukhalasa. Hakikumpa Kiarabu cha jikoni wala cha kituo cha polisi. Akipiga simu akasema kuna karatasi hajaielewa, msimwambie "saini mwanangu, uje nyumbani salama, Mungu atalipa". Tunajua ni mapenzi. Mwambieni aipige picha awatumie, mtafute mtu wa kuisoma siku hiyo hiyo, na namba ya ubalozi muwe nayo ninyi pia, si yeye peke yake. Kenya na Tanzania zote zina ubalozi Riyadh.

Limebaki la uso, nalo linawahusu zaidi ndugu waliotoka Uganda na wengine wenye mazoea hayo, wakiwa Lebanon, Syria au Jordan. Kuinua nyusi ambako nyumbani ni ndiyo ya kimya, huko ni hapana, hasa ikifuatana na kidevu kupanda na ulimi kupiga "ts". Madamu akikuuliza kama umezima gesi, usimjibu kwa nyusi. Sema "ee, taffetu", ndiyo, nimeizima, naye akikujibu kwa nyusi, jua amekukatalia.